Njaa, Kodi ya Nyumba na Sukari: Jinsi ya Kuingiza Shida za Kijamii za Mgonjwa Kwenye Misimbo ya Hospitali

Mgonjwa wa kisukari anayepunguza insulini ili kodi ya nyumba ipatikane ana matatizo mawili, na hospitali nyingi za Marekani huandika moja tu. Sukari inaingia kwenye faili ikiwa na msimbo wake, yaani herufi na tarakimu zinazouwakilisha ugonjwa, namba zake na bei yake. Kodi ya nyumba inabaki kwenye mazungumzo ya mlangoni. Takwimu za mwaka 2019 za Medicare, bima ya serikali kuu kwa wazee na baadhi ya walemavu, zilionyesha kuwa, miongoni mwa wanachama wa mpango wake wa kawaida, ni asilimia 1.59 tu waliokuwa na hata msimbo mmoja wa hali za kijamii kwenye madai yao ya malipo ya mwaka mzima. Yeyote aliyewahi kusimama wodini siku moja anajua kwamba shida haziwezi kuwa chache kiasi hicho. Kilicho kichache ni maandishi.

Nawaandikia wasemaji wa Kiswahili walio kwenye kazi hizi Marekani: waweka misimbo, manesi, wahudumu wa afya ya jamii, maofisa ustawi na wakalimani. Nawafikiria pia wagonjwa wetu, hasa ndugu wa Kongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali kabla ya kupelekwa kwenye miji ambayo hawakuwahi kuisikia. Shida zao ndizo zinazopotea kirahisi zaidi, kwa sababu zinasimuliwa kwa lugha ambayo faili haiisomi.

Hatua ya 1: Ijue sura yenyewe

Kitabu cha misimbo ya magonjwa kinachotumika Marekani ni ICD-10-CM, kilichoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2015. Ni toleo la Kimarekani la orodha ya Shirika la Afya Duniani. Hali za kijamii zimo kwenye Sura ya 21, kuanzia Z55 hadi Z65. Z55 ni elimu na uwezo wa kusoma, Z56 ni kazi na ukosefu wake, Z57 ni hatari za kazini kama vumbi, kelele na joto kali. Z58 ni mazingira, yakiwemo maji ya kunywa. Z60 ni upweke, kutengwa, na ugumu wa kuzoea maisha ya ugenini. Z62 ni malezi, Z63 ni mambo ya familia, na Z65 ina jela, mahakama na vita. Z61 usiitafute, toleo la Kimarekani halina.

Z59 nimeiruka makusudi, kwa sababu humo ndimo utakamofanya sehemu kubwa ya kazi yako: nyumba, chakula, usafiri, pesa. Na humo ndimo makosa ya tarakimu yanapozaliana. Zamani uliweza kuandika Z59.0 kwa mtu asiye na makazi ukamaliza. Leo msimbo huo haujakamilika, na dai litarudishwa. Unatakiwa useme analala wapi. Z59.02 ni anayelala nje au mahali pasipokusudiwa kukaliwa na watu, kama gari, bustani au jengo lililotelekezwa. Z59.01 ni asiye na makazi yake lakini ana pa kujihifadhi: makazi ya muda ya wasio na nyumba, moteli, au kubanana kwa watu wengine. Z59.00 ni pale ambapo faili haikusema, na ukiona unaitumia kila siku, ujue watu hawaulizwi swali la pili.

Hapo kwenye kubanana ndipo pa kuwa makini na watu wetu. Familia ya watu sita iliyolala miezi minne kwenye sebule ya binamu haitasema hata mara moja kwamba haina makazi. Itasema iko kwa ndugu, na kwetu kukaa kwa ndugu ni heshima kwa pande zote mbili. Lakini kama walihamia hapo kwa sababu walishindwa kodi, hawana pa kwenda, na mwenye nyumba hajui kwamba wapo, hali hiyo inaingia Z59.01. Kinyume chake, bibi anayeishi na wanawe na wajukuu kwa sababu ndivyo familia inavyotaka kuishi hana tatizo lolote la kuwekewa msimbo. Swali la kuwatofautisha ni fupi: “Mmekaa hapo kwa kupenda, au kwa kukosa kwingine?”

Kuna pia walio na nyumba lakini inatikisika. Z59.811 ni mtu mwenye pa kuishi aliye katika hatari ya kupapoteza, mathalani amekwisha pewa notisi. Z59.812 ni mtu mwenye pa kuishi sasa ambaye katika miezi 12 iliyopita aliwahi kukosa makazi. Chakula kisicho na uhakika ni Z59.41, usafiri ni Z59.82, kubanwa na pesa au madeni ni Z59.86. Misimbo hii hubadilishwa kila tarehe 1 Oktoba, na mara nyingine tarehe 1 Aprili, kwa hiyo karatasi ya vifupisho uliyobandika ukutani miaka mitatu iliyopita ibandue. Toleo sahihi ni lile lililokuwa likitumika siku mgonjwa alipohudumiwa, au siku aliporuhusiwa kutoka kama alilazwa.

Msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam anayetumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani atakuta sura hii hii ya Z55 hadi Z65, ila kwa tarakimu chache zaidi. Z59.0 kwake ni msimbo kamili, na Z59.02 haumo.

Hatua ya 2: Uliza, na uulize mahali panapofaa

Kliniki nyingi zina dodoso tayari. Vituo vya afya vya jamii hutumia sana PRAPARE, na Medicare ilitengeneza dodoso lake kwa ajili ya mradi wa jumuiya zinazowajibika kwa afya, lenye maeneo makuu matano: nyumba, chakula, usafiri, umeme na maji ya nyumbani, na usalama wa mtu dhidi ya watu wake wa karibu. Tumia lililopo kazini kwako. Kutunga maswali yako mwenyewe kutakunyima uwezo wa kulinganisha majibu ya mwaka huu na ya mwaka ujao.

Kwa upande wa chakula, maswali mawili yanatosha: kama katika miezi 12 iliyopita familia iliwahi kuhofia kwamba chakula kitaisha kabla ya kupata pesa ya kununua kingine, na kama kweli kiliwahi kuisha na pesa haikuwepo. Majibu ni matatu: mara nyingi, mara nyingine, hapana kabisa. “Mara nyingine” kwenye swali lolote kati ya hayo mawili inahesabika kuwa ndiyo. Wengi hawalijui hilo, wanasubiri mgonjwa aseme “mara nyingi.”

Mama wa Kikongo ukimsomea maswali hayo kama yalivyo kwenye karatasi, mara nyingi atakujibu, “Tunamushukuru Mungu.” Mkalimani asiye makini anatafsiri hilo kuwa hapana. Hajajibu bado. Mwache ashukuru, kisha muulize kwa namna inayokaribia maisha yake: “Mama, chakula inaishaka mbele ya mwisho ya mwezi?” Kadi ya msaada wa chakula hujazwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo wiki ya mwisho ndiyo inayosema ukweli. Muulize pia watoto wanakula nini siku shule imefungwa. Ukiuliza hivyo, umebaki ndani ya maana ya dodoso na umempa nafasi ya kujibu bila kujidhalilisha. Mkalimani asijiongezee maswali kimyakimya, lakini. Amweleze nesi kwamba jibu la kwanza lilikuwa la adabu, na waulize tena pamoja.

Mume asikalishwe pale wakati mke anaulizwa kuhusu usalama, wala mke wakati mume anaulizwa. Usimtumie mtoto kutafsiri. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya mwaka 2010 kinazikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kwa kazi hiyo, isipokuwa dharura, na hata kama sheria isingekuwepo, mtoto wa miaka kumi na mmoja hapaswi kuwa yeye ndiye anayemwambia daktari kwamba baba analala na njaa ili yeye ale.

Na mgonjwa akikataa kujibu, andika kwamba amekataa. Hapo hakuna msimbo wa kuweka.

Hatua ya 3: Andika sentensi inayoshika ugonjwa na shida pamoja

Kama una muda wa kujifunza hatua moja tu kwenye mwongozo huu, jifunze hii. Mweka misimbo haruhusiwi kukisia. Hata akijua kwa macho yake kwamba mgonjwa analala kwenye gari, akiona faili haisemi, mikono yake imefungwa. Kwa hiyo msimbo wote unasimama juu ya sentensi moja aliyoiandika mtu mwingine, aghalabu mwisho wa zamu, akiwa amechoka.

Kanuni rasmi za ICD-10-CM zinasema misimbo ya hali za kijamii iwekwe pale maandishi yanapoonyesha kwamba mgonjwa ana tatizo au kihatarishi kinachogusa afya yake. Zenyewe zinatoa mfano wa mtu anayeishi peke yake: si kila anayeishi peke yake anawekewa Z60.2. Anawekewa yule ambaye upweke huo umemletea shida, au utaleta. Mjane mwenye afya anayejipikia na kwenda kanisani Jumapili hana tatizo. Mjane aliyetoka kubadilishwa nyonga, asiyeweza kuinuka kitandani bila msaada, na hakuna wa kumfungulia mlango, analo.

Sentensi nzuri ina vitu vitatu: kinachokosekana, tangu lini, na kinavyougusa ugonjwa au matibabu. Kwenye faili utaiandika kwa Kiingereza, lakini umbo lake ni hili. “Mgonjwa ana shida za kijamii” haifai kitu. “Mgonjwa hana usafiri” ni afadhali kidogo. Inayofaa ni: “Gari la familia liliharibika Machi, hana usafiri mwingine, na amekosa vipindi vitatu vya kusafishwa damu, ndiyo sababu amelazwa na maji mwilini.” Mweka misimbo akisoma hiyo hana la kuuliza. Ofisa ustawi naye akisoma anajua aanzie wapi.

Epuka maneno ya kulaumu. “Hafuati matibabu” ni sentensi ambayo imewafuata wagonjwa wetu kutoka kliniki moja hadi nyingine, na kila daktari mpya anaisoma kabla hajauona uso wa mgonjwa. Kama sababu ni pesa, andika pesa. Kuna msimbo wake, tutaufikia.

Madaktari nao wana sababu ya kuandika vizuri. Tangu mwaka 2021 kwa ziara za kliniki, na 2023 kwa waliolazwa, kanuni za malipo ya daktari zinatambua kwamba uchunguzi au tiba iliyobanwa sana na hali za kijamii ni hatari ya kiwango cha kati wakati wa kupima ugumu wa maamuzi yake. Lakini lazima aeleze ilivyombana: alitaka kumwandikia insulini inayohitaji friji, akabadilisha dawa kwa sababu mgonjwa hana friji. Orodha ya matatizo peke yake haitoshi.

Hatua ya 4: Angalia nani ameandika

Utambuzi wa ugonjwa lazima uandikwe na mtabibu anayemhudumia mgonjwa. Kwa hali za kijamii mlango ni mpana zaidi. Mwaka 2018 ilikubaliwa kwamba mweka misimbo anaweza kutumia maandishi ya wahudumu wengine wanaomhudumia mgonjwa, na leo kanuni zinawataja maofisa ustawi, wahudumu wa afya ya jamii, wasimamizi wa kesi na manesi. Majibu ambayo mgonjwa amejaza mwenyewe nayo yanakubalika, mradi mtabibu au mhudumu ameyasaini na yameingizwa kwenye faili rasmi.

Hapo kwenye kusaini ndipo mengi yanapofia. Dodoso linajazwa kwenye tableti pale mapokezi, linakaa kwenye kichupo ambacho hakuna anayekifungua, na kwa macho ya kanuni halijasomwa na mtu. Ukiwa mweka misimbo, tafuta kichupo hicho kabla ya kufunga faili. Ukiwa msimamizi, weka utaratibu wa nesi kulipitia na kulisaini kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari.

Hatua ya 5: Chagua msimbo hadi tarakimu ya mwisho

Mifano mitatu, yote ni ya kutunga, ila kila mmoja unafanana na mafaili utakayokutana nayo.

Mzee wa miaka 61 ana kisukari aina ya pili, anatumia insulini kwa muda mrefu, na sukari imepanda. Nesi ameandika kwamba tangu saa zake za kazi zipunguzwe anajidunga nusu ya kipimo makusudi ili dawa ifike mwisho wa mwezi, kwa sababu pesa haitoshi. Unaanza na E11.65, kisukari chenye sukari iliyopanda. Unafuata T38.3X6A, kutumia insulini pungufu ya ilivyoandikwa. Kisha Z91.120, unaosema upungufu huo ni wa makusudi kwa sababu ya ugumu wa fedha. Huu ndio msimbo wa kuondoa lile neno “hafuati.” Z79.4 unaonyesha kwamba yuko kwenye insulini ya muda mrefu, na Z59.86 unaeleza kubanwa kifedha kwenyewe. Misimbo ya dawa pungufu haikai ya kwanza kamwe, ugonjwa unatangulia. Kama hakuna aliyemuuliza kuhusu chakula, usiweke Z59.41 kwa sababu tu unahisi.

Mtoto wa miaka saba ana pumu ya kudumu ya kiwango cha kati, na imemlipukia: J45.41. Mhudumu wa afya ya jamii alitembelea nyumba, akakuta kipasha joto hakifanyi kazi tangu Novemba, mende jikoni, na ukungu mweusi ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Watu wengi huandika “nyumba mbovu” na kuweka Z59.10 wakaondoka. Usiondoke. Ukosefu wa joto ni Z59.11. Mende wanaingia Z59.19. Kuwa karibu na ukungu ni Z77.120, nje kabisa ya Z55 hadi Z65, na ndiyo maana huachwa. Kila kimoja kina dawa yake tofauti nje ya hospitali: kipasha joto kinamhusu mwenye nyumba na ofisa wa ukaguzi wa majengo, mende wanamhusu mfukizaji, ukungu huenda unatokana na bomba linalovuja. Kwenye hospitali zenye ushirikiano wa madaktari na mawakili, utaratibu ulioanzia Boston mwaka 1993, faili lililoandikwa hivi linamwezesha wakili kuandika barua yenye nguvu. Lililoandikwa “nyumba mbovu” halimsaidii.

Mama wa miaka 44 kutoka Kivu Kusini ana msongo wa baada ya kiwewe, hapati usingizi, na mumewe hajulikani alipo tangu waliposhambuliwa. Mtabibu ameandika utambuzi wa msongo uliodumu, F43.12. Z65.5 unaonyesha kwamba alipitia vita. Z63.4 ni wa kifo au kupotea kwa mwanafamilia, na neno kupotea limo humo wazi, kwa hiyo hakuna anayehitaji kumlazimisha mama huyu aseme mumewe amekufa ili msimbo upatikane. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona namna swali hilo linavyoulizwa kwa haraka. Z60.3 ni wa ugumu wa kuzoea nchi mpya, ukiwekwa tu kama imeandikwa kwamba unamsumbua.

Mama huyo huyo hawezi kusoma Kiingereza. Anasoma Kiswahili, anasoma Kifaransa, na alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Z55.0, msimbo wa kutojua kusoma, haumhusu. Lugha yake iingie kwenye sehemu ya lugha, na hitaji la mkalimani kwenye sehemu ya mkalimani. Ukimwekea Z55.0, kila anayefungua faili atamletea michoro badala ya maelezo kwa lugha anayoisoma vizuri kuliko wengi.

Hatua ya 6: Panga kwa mfuatano, na hesabu nafasi

Misimbo ya Z55 hadi Z65 huwekwa kama utambuzi wa nyongeza tu. Wa kwanza ni sababu iliyomleta mgonjwa.

Dai la hospitali kwa aliyelazwa lina nafasi 25 za utambuzi. Dai la daktari lina 12. Mgonjwa mwenye magonjwa mengi hujaza nafasi zote 12 kabla hujafika kwenye njaa yake, na programu hukata inayozidi bila kukuambia. Kwa hiyo usiiache mkiani. Utambuzi wa zamani usiohusika na ziara ya leo hauna haki ya kumtoa mtu aliyelala kwenye gari jana usiku.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2023, Medicare imeitambua misimbo mitatu ya kukosa makazi, Z59.00, Z59.01 na Z59.02, kuwa hali inayoongeza mzigo wa matibabu kwa aliyelazwa, na hiyo inaweza kubadilisha malipo ya hospitali. Mwaka mmoja baadaye iliongezwa mingine saba ya nyumba duni na nyumba isiyo na uhakika. Njaa haikuwemo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili. Mimi naona hilo ni pengo kubwa, kwa sababu mgonjwa wa kisukari asiye na chakula hukaa wodini muda mrefu na hurudi upesi. Hata hivyo weka Z59.41 kila inapostahili. Medicare ilipandisha misimbo ya makazi baada ya kuangalia gharama kwenye madai yenye misimbo hiyo, na ambacho hakimo kwenye madai hakiwezi kuangaliwa.

Hatua ya 7: Uliza mwandishi pale faili linapokuacha njiani

Faili linasema “mgonjwa ana hali ngumu nyumbani,” basi. Mwandikie aliyeandika. Swali lako lisimwongoze kwenye jibu unalolitaka, wala lisitaje malipo. Ndivyo miongozo ya AHIMA na ACDIS, vyama vya wataalamu wa kumbukumbu za afya, inavyotaka. Usiandike, “Tafadhali thibitisha kwamba mgonjwa hana makazi.” Andika, “Kwenye maelezo ya tarehe fulani umetaja hali ngumu nyumbani. Tafadhali fafanua hali hiyo ni ipi, na kama inagusa matibabu.” Ukitoa machaguo, lazima pawepo na “nyingine” na “haiwezi kubainika.”

Hatua ya 8: Mlinde mgonjwa na faili lake

Wagonjwa siku hizi husoma faili zao kwenye simu, na mara nyingi simu au nenosiri analo mtu mwingine wa nyumbani. Kabla ya kuandika habari ya kupigwa, muulize mgonjwa nani anaingia kwenye akaunti yake, na umwambie mtabibu ili maelezo hayo yazuiwe kuonekana pale ambapo kuonekana kwake kutamdhuru. Ukatili wenyewe una misimbo yake, T74 kwa uliothibitishwa na T76 kwa unaoshukiwa. Usiufiche chini ya Z63.0, ambao ni wa matatizo ya mke na mume. Kupigwa si ugomvi wa ndoa, na faili lisiseme hivyo.

Hali ya uhamiaji usiiandike isipokuwa matibabu yenyewe yanaihitaji. Hakuna chochote kwenye misimbo niliyoitaja kinachodai kujua mtu ana karatasi gani. “Hana bima ya kutosha” inatosha, na msimbo wake ni Z59.71.

Mwambie pia mgonjwa kwamba unayaandika haya, na kwa nini. “Mzee, nikiandika hapa kwamba joto la nyumba limeharibika, ofisa ustawi ataona na atakupigia.” Wengi wataridhia. Asiyeridhia aheshimiwe.

Hatua ya 9: Peleka msimbo unakotakiwa kwenda

Msimbo ukishawekwa, kuna mtu lazima auone siku hiyo hiyo. Kubalianeni kliniki nzima: Z59.41 ikitokea, nani anapiga simu kwenye ghala la chakula cha msaada? Z59.82 ikitokea, nani anapanga usafiri wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa wanaostahili? Pale ambapo hamna mtu, namba 211 inamuunganisha mgonjwa na huduma za kijamii za eneo lake. Ipige mkiwa pamoja, usiishie kumpa namba kwenye karatasi, kwa sababu sauti ya mashine inayoanza kwa Kiingereza humkatisha tamaa kabla hajafika kwa mtu wa kumsaidia.

Hali hizi hubadilika. Kila ziara uliza upya, na kilichokwisha kitolewe kwenye orodha ya matatizo. Mtu aliyepata nyumba Februari asiingie Agosti bado ana Z59.02 mgongoni. Kama bado haujatimia mwaka na inahusika na matibabu yake, msimbo wake ni Z59.812.

Kila robo mwaka toa hesabu ya misimbo hii kwa lugha ya mgonjwa na kwa eneo la posta, uipeleke kwa uongozi ikiwa na ombi moja mahususi: mkalimani wa Kiswahili siku za Jumanne, gari la kuleta wagonjwa wa kusafishwa damu, au friji ya chakula pale kliniki. Usipeleke matano kwa pamoja. Na pale kundi linapokuwa na watu wasiofika 11, usiionyeshe namba yenyewe. Hicho ndicho kiwango ambacho Medicare hukitumia kwenye takwimu zake, na kwenye mji ambao familia za Kikongo zinajuana zote, namba ndogo kama tatu inatosha kumtambulisha mtu.